Majibu Manne, Yote Sahihi

Wanafunzi wengi wa uuguzi wanaoanguka mtihani huanguka wakiwa wanalijua jibu. Wanalijua, na wanayajua na yale mengine matatu, na hapo ndipo penye kisa. Karatasi ya uuguzi haikuulizi sana kitu fulani ni nini. Inakuwekea mgonjwa mbele yako, inakupa mambo manne ambayo muuguzi yeyote wa maana atayafanya, halafu inakuuliza: utaanza na lipi?

Chukua hili, ambalo huwapa wageni wa kikundi chetu cha kudurusu siku ya kwanza. Mgonjwa ametundikiwa damu. Dakika kumi baadaye anaanza kutetemeka, mwili umechemka, analalamika mgongo. Utafanya nini kwanza: umpime joto, presha na mapigo, umwite daktari, usimamishe damu, au uurudishe mfuko maabara? Yote manne yatafanywa, tena haraka. Lakini tangu mwaka wa kwanza mwanafunzi ameimbiwa kwamba uuguzi huanza na kupima: pima hali ya mgonjwa, tambua tatizo, panga, tenda, kisha tathmini. Basi anachagua kupima. Na muda wote anapoitafuta mashine ya presha, damu ile ile inaendelea kuingia mshipani.

Jibu ni kusimamisha damu. Sababu yake ndiyo ninayowashika wanafunzi nayo mpaka wanichoke: swali lenyewe limeshakupimia. Limekwambia anatetemeka, limekwambia amechemka, limekwambia mgongo unauma. Kilichobaki ni wewe. Swali likikuletea mgonjwa usiyejua ana nini, pima. Likikuletea mgonjwa ambaye hatari yake imeshatajwa na chanzo chake kiko mkononi mwako, kiondoe kwanza, mengine yafuate. Nimekaa na wanafunzi wa hapa Mombasa miaka kadhaa, na lau ningeruhusiwa kuwafunza jambo moja tu kabla ya mtihani wa Baraza la Wauguzi, ningewafunza hilo.

Kwa msomaji asiye wa fani hii: kumaliza chuo hakukufanyi muuguzi. Chuo kitakupa cheti chake, lakini anayekupa ruhusa ya kumgusa mgonjwa ni Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa kwa Sheria ya Wauguzi ya 1983, na Baraza lina mtihani wake. Anayesoma stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii anabeba uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili kwa pamoja, na kila kimoja kinaweza kumtokea mbele. Ni mtihani mmoja kwa nchi nzima. Wa Mombasa, wa Kisumu na wa Garissa wanapimwa kwa kipimo kile kile, hata kama mmoja alifanya mazoezi kwenye hospitali kubwa ya rufaa na mwenzake kwenye wodi ya vitanda vichache.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe. Nikimtembelea mwanafunzi wakati wa kudurusu naona mambo yale yale: madaftari yaliyopakwa rangi ya njano hadi hayana pa kupumulia, simu iliyojaa mafaili ya muhtasari yaliyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na sauti inayosema, "Sista, hii sura nimeisoma mara nyingi." Nami namwamini. Tatizo ni kwamba kuisoma sura tena na tena kunampa mtu raha ya kuitambua, na kuitambua si kuitoa kichwani ukiwa umebanwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajijaribu mara tatu kukiandika bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliosoma tu walikumbuka kiasi cha asilimia 40, waliojijaribu asilimia 61. Mtihani wa Baraza haufanywi dakika 5 baada ya kusoma.

Kwa hiyo barazani kwetu Kisauni, Jumamosi baada ya alasiri, vitabu hufungwa. Kuna kahawa, kuna mahamri ya asubuhi yaliyobaki, na kuna maswali. Anayeshindwa anaruhusiwa kufungua kitabu baada ya kubishana, si kabla. Wengine huja mara moja wasirudi, maana hakuna anayependa kuonekana hajui mbele za watu. Siwalaumu. Lakini bora uaibike barazani kwangu, ambako aibu yako yote ni kuchekwa na watu sita na kuongezewa kahawa.

Acha nikuonyeshe jioni moja inavyokwenda. Tulikuwa kwenye kifafa cha mimba, na binti mmoja wa Likoni, hodari, aliyamwaga yote bila kukwama: dawa yake ni magnesiamu salfeti, dozi ya kwanza gramu 4 mshipani polepole, pamoja na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4, tako moja baada ya jingine, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililokuja baadaye. Wenzake wakampigia makofi.

Nikamwambia: haya mwanangu, saa nne zimepita. Sirinji iko mkononi, gramu 5 zimo ndani. Kabla ya kuchoma unaangalia nini?

"Presha, Sista."

Presha utaiangalia, lakini siyo itakayokuzuia kuchoma. Yanayokuzuia ni matatu. Anahema angalau mara 16 kwa dakika? Goti linaruka ukiligonga? Mkojo haujapungua chini ya mililita 30 kwa saa? Akayataja yote matatu baada ya kusukumwa kidogo, alikuwa ameyasoma. Ndipo nikamletea mgonjwa: anahema mara 18, goti linaruka vizuri, na mfuko wa mkojo una mililita 80 tangu sindano iliyopita. Unachoma au huchomi?

Kimya. Kijana wa Mtwapa akasema achome, kwa sababu mawili kati ya matatu ni mazuri. Mwingine akasema achome nusu. Binti wa Likoni akaanza kuhesabu kwa vidole: saa 4 mara 30 ni 120, na mfukoni mna 80. Akasema hachomi. Kwa nini huchomi, mbona anahema vizuri na goti linaruka? Hapo ndipo tulipotumia jioni yote. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikizembea, dawa inabaki na kujikusanya, na dozi utakayoongeza itaikuta ile ya kwanza bado imo. Sumu yake ina mpangilio: kwanza goti linaacha kuruka, kisha pumzi inazama, kisha moyo unasimama. Mkojo mdogo unakupa habari kabla ya yote hayo. Unazuia dozi, unamjulisha daktari, unaendelea kumtazama mama kwa karibu, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga sumu hiyo, mililita 10 za asilimia 10, inakuwa karibu nawe, siyo kwenye kabati ambalo funguo zake ziko kwa mtu aliyekwenda chai.

Wanafunzi huniuliza kwa nini dawa hii haikosekani kwenye mitihani. Ni kwa sababu inaokoa sana na inaua ikichezewa. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Dawa ya aina hiyo lazima mtahini aipende. Ukisoma kwa jicho hili utaanza kutabiri maswali bila kuibiwa karatasi na mtu: jiulize ni wapi muuguzi akikosea kidogo mgonjwa anadhurika sana. Huko ndiko swali litakakotoka. Insulini. Potasiamu. Damu. Dawa za watoto. Mama aliyejifungua sasa hivi.

Hesabu nazo ni kilio. Nimesikia wanafunzi wakisema wazi kwamba watayaruka maswali ya hesabu na kuyafidia kwingine. Ni hasara ya bure, maana hizi ni hesabu za darasa la sita. Lita 1 ya maji ya chumvi iende kwa saa 8, mpira unaotoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480: matone 42 kwa dakika. Anayesahau kugeuza saa kuwa dakika anapata 2,500, na kwa kweli nimewahi kuona mtu akiyaandika na kuendelea na swali linalofuata bila kushtuka. Matone 2,500 kwa dakika, hiyo si dripu tena, ni mfereji umeachwa wazi. Namshauri kila mmoja, akiwa zamu, asimame chini ya dripu ya kweli na saa mkononi, ahesabu matone ya robo dakika. Akiyaona matone 10 na kitu yakidondoka kwa sekunde 15, ile 42 inaacha kuwa namba ya daftarini.

Dawa za watoto zina mtego wake. Mtoto wa kilo 12 anahitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo: 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Jibu ni mililita 7.5, lakini kati ya majibu manne utaikuta 180 imekaa kwa adabu ikikungoja, kwa ajili ya yule aliyefika nusu ya njia akadhani amefika. Watunzi wa mitihani hawabuni majibu ya uongo ovyo. Kila jibu la uongo ni mahali ambapo mwanafunzi fulani aliwahi kusimama.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni la moto. Mtu wa kilo 60 ameungua asilimia 30 ya mwili, jiko la mafuta ya taa limelipuka. Kanuni ya Parkland, ya kukadiria maji ya dripu kwa aliyeungua: mililita 4 mara kilo mara asilimia, unapata 7,200 kwa saa 24, na nusu yake, 3,600, iingie ndani ya saa 8 za kwanza. Dripu iende kwa kasi gani kwa saa? Wote wanagawanya kwa 8 na kupata 450, nayo 450 ipo kwenye orodha. Rudi ukasome swali. Limesema alifika hospitali saa mbili baada ya kuungua. Saa 8 huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu ulipomwona wewe. Zimebaki 6. Ni mililita 600 kwa saa. Sentensi ile ya saa mbili ilikuwa fupi, katikati ya habari za mke wake na umri wake, na ndiyo iliyobeba swali zima.

Afya ya jamii wengi huidharau, wakiiona ya vyoo na chanjo tu, na huko ndiko alama hupotea kimya kimya. Mtoto wa miezi 10 anayehema mara 48 kwa dakika hahesabiwi kuwa anahema haraka, kwa sababu kikomo cha miezi 2 hadi 12 ni 50. Mtoto wa miezi 14 anayehema mara 48 hizo hizo anahema haraka, kikomo chake ni 40. Na yule mchanga wa chini ya miezi 2 ana 60. Uhesabu dakika nzima, mtoto ametulia, si analia. Namba tatu hizi ukizichanganya unampeleka nyumbani mtoto mwenye nimonia.

Kuna zoezi moja ambalo, kwa maoni yangu, linashinda vitabu vyote vya maswali vinavyouzwa mjini. Kila mwanakikundi, baada ya zamu, anachukua mgonjwa mmoja aliyemwona, bila jina, bila namba ya kitanda, bila lolote la kumtambulisha, na kumgeuza kuwa swali la majibu manne. Jibu sahihi ni rahisi kuandika. Kazi iko kwenye yale matatu ya uongo, kwani lazima yafanane na ukweli. Ukikaa nusu saa unatafuta kosa ambalo mtu mwerevu anaweza kulifanya kwa mgonjwa huyu, umeshamfikiria mgonjwa kuliko ulivyomfikiria ulipokuwa ukimpima joto. Wiki za kwanza maswali yao huwa ya kuchekesha, jibu moja la kweli na matatu ya kipuuzi. Baada ya muda wanaanza kunitega hata mimi.

Shida ni kwamba zoezi hili linahitaji mwanafunzi apewe nafasi ya kumwona mgonjwa. Nikiwa mwanafunzi nilipitia wodi moja, siitaji ilikuwa wapi, ambako kazi yetu kubwa ilikuwa kubeba sampuli kwenda maabara na kurudi na majibu, na kununua kifungua kinywa cha wakubwa. Tulijua njia ya maabara gizani. Mambo yamebadilika kiasi, ila sijaacha kuyasikia. Ninachowaambia wanafunzi wa leo ni kwamba hata kwenye kubeba sampuli kuna la kuokota: soma kilichoandikwa kwenye fomu, bashiri majibu kabla hayajatoka, kisha uyaangalie yakitoka. Na wauguzi wenzangu mliomo wodini mkisoma haya, mwanafunzi akikuuliza "kwa nini," asikuudhi. Kama hujui, mwambie mkatafute pamoja. Hakuna heshima itakayopungua.

Mtihani wa vitendo ni dunia nyingine. Ule wa vituo, ambako kengele inalia na unahama kutoka meza hadi meza, ulianzishwa na daktari Ronald Harden huko Dundee, Scotland, na maelezo yake yakachapishwa 1975. Nia ilikuwa njema: kila mwanafunzi akutane na mgonjwa yule yule, kazi ile ile, muda ule ule, na mtahini afuate orodha badala ya moyo wake. Kabla ya hapo ulikuwa na bahati ukipata mgonjwa mpole na mwalimu aliyeamka vizuri.

Ile orodha ndiyo wanafunzi wanayoisahau. Mtahini ana karatasi yenye visanduku, na hana kisanduku cha ulichokiwaza. Kama umeangalia jina la mgonjwa kwenye kitambulisho cha mkono kwa jicho tu, yeye hakuona. Sema: nahakikisha jina. Sema: navuta pazia. Sema: naosha mikono, na uioshe kweli. Nimewaona wanafunzi wanaojua kuweka kateta ya mkojo kwa usafi wa ajabu wakipoteza alama tano sita kabla hawajagusa trei, kwa sababu waliingia kama fundi aliyeitwa kutengeneza bomba: hakuna jina, hakuna ruhusa, hakuna maelezo. Na sisi watu wa Pwani tunafundishwa salamu kabla ya kujua kutembea! Kituoni amelala mama wa makamo anayeigiza mgonjwa, na mwanafunzi aliyemwamkia shikamoo kila bibi wa mtaani kwao anamrukia mkono kutafuta mshipa. Msalimie. Marahaba yake itakutuliza na wewe pia.

Habari za karatasi kuvuja sizipi nafasi kubwa. Kila msimu huzuka mtu mwenye namba ya simu na "maswali yenyewe," na kila msimu wapo wanaotuma pesa. Wanaopokea hupokea maswali ya miaka ya nyuma yaliyopangwa upya, mengine na majibu ambayo si sahihi. Mwakenya nao, vile vikaratasi vya kuficha kwenye soksi, vilikuwa na mantiki yake zamani watu walipoulizwa kutaja sababu kumi za upungufu wa damu. Kwenye swali la nani ahudumiwe kwanza, hata ukiingia na kitabu kizima hakitakuchagulia. Ila maswali ya miaka iliyopita, yaliyopatikana kwa njia halali, yafanyeni, mkikumbuka kuuliza kila jibu lilikuwa sahihi kwa sababu gani na kama mwongozo haujabadilika tangu hapo. Kwenye ukunga hasa yamebadilika mengi. Shirika la Afya Duniani lilisogeza mwanzo wa uchungu mkali mwaka 2018 hadi mlango wa kizazi ufunguke sentimita 5, wakati kizazi changu kilifundishwa 4, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu. Ukikariri jibu la zamani kutoka faili la zamani, umekariri kosa.

Kulala, kula, kunywa maji: mnajua. Joto la Februari au Machi hapa kwetu si la kusomea chumbani mchana, someni alfajiri. Wanaofunga wapange maswali magumu baada ya daku, si saa kumi jioni tumbo likinguruma. Wa Likoni, msiiamini feri siku ya mtihani. Laleni kisiwani kwa jamaa. Nimesema.

Linalobaki ni la wale wanaosoma huku jicho moja likiwa ng'ambo. Ni wengi, na sioni haja ya kuwahubiria. Mtihani wa leseni wa Marekani, NCLEX, ni mnyama wa aina nyingine kwa umbo, ingawa roho yake ni ile ile ya nani kwanza. Unafanywa kwenye kompyuta, na kompyuta inakufuata: ukipata, inakuletea gumu zaidi, ukikosa, inakuletea jepesi kidogo, hadi ijiridhishe kama uko juu ya mstari au chini yake. Kwa muuguzi kamili maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, muda ni saa 5. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 kuna visa vya wagonjwa ambavyo kila kimoja kina maswali 6 yanayofuatana, na hali ya mgonjwa inabadilika kadiri unavyosonga. Kompyuta ikizima kwenye swali la 85 usiruke kwa furaha wala usilie; anayefaulu sana na anayefeli sana wote wanaweza kusimamishwa hapo. Na usiuchanganye na mitihani ya kuingilia vyuo vya uuguzi vya huko, kama TEAS, wenye maswali 170 ya kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Huo ni wa kugonga mlango wa chuo, na aliyekwisha kuwa muuguzi hapa hauhitaji.

Mwanafunzi akiniuliza kama aanze NCLEX akiwa bado chuoni, namwambia hapana. Malizana na Baraza kwanza, pata leseni ya hapa, fanya kazi wodini, ndipo ulipie benki ya maswali. Wale waliopita kikundini kwetu na sasa wanajiandaa kwa huo wa Marekani wanasoma kati ya zamu. Mmoja yuko zamu ya usiku mwezi huu, na wodi ikitulia hutuma swali kwenye kundi la simu saa tisa usiku. Juzi lilikuwa la potasiamu: imepanda hadi 6.8 na mchoro wa moyo umeanza kubadilika, uanze na insulini na glukosi au na kalsiamu glukoneti? Yeye alishikilia insulini. Hoja yake ilikuwa nzuri: kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo, sasa ya nini? Tukamwambia aangalie tena swali limempimia nini. Limempa mchoro wa moyo. Kalsiamu inaukinga moyo ndani ya dakika chache, insulini inahitaji muda zaidi kuanza kazi, na huo muda mgonjwa huyu hana. Alibisha hadi alfajiri, akakubali akiwa anakabidhi zamu, kisha akatuletea jingine.